Aliyelazwa wodini sasa ndiye anayeuliza maswali

Kwa miaka mingi mgonjwa wa akili alikuwa mtu wa kupimwa, kuhojiwa na kuandikwa. Lakini wako waliovuka wakaenda upande wa pili wa meza, wakashika kalamu wao wenyewe. Majibu waliyorudi nayo si yale tuliyozoea.

HEBU fikiria siku ya kliniki. Umeomba ruhusa kazini, ukaamka alfajiri na kupanda matatu pamoja na ndugu yako ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akitibiwa maradhi ya akili. Mmekaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu, kadi mkononi. Hatimaye jina lake linaitwa, mnaingia. Daktari, ambaye ana foleni ndefu nje ya mlango, anainua macho na kukuuliza wewe: "Analala vizuri? Anakula? Dawa anameza?"

Nawe unajibu: "Analala, daktari. Anakula. Dawa anameza."

Daktari anaandika. Dakika tano hazijapita, mko nje mkielekea kuchukua dawa. Mmefanya kila mlichotakiwa kufanya. Ila jambo moja limesahaulika: ndugu yako hajasema hata neno moja. Hakuna aliyemuuliza kama mikono inamtetemeka, kama ulimi umekuwa mzito, au kama dawa hizo zinamfanya alale mpaka saa sita mchana na ndiyo sababu alifutwa kibarua cha mwisho.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo sote twaijua tangu shule ya msingi, na tunaitumia kila siku. Lakini inapofika zamu ya maradhi ya akili, tunaiweka kando. Tunamuuliza kila mtu habari za kitanda isipokuwa yule aliyekilalia.

Makala haya yanahusu kazi ambayo huenda hujawahi kuisikia. Ni kazi ya mtafiti wa afya ya akili ambaye yeye mwenyewe amewahi kuugua, akalazwa, akameza dawa hizo na kuyaona ya wodini kwa macho yake. Kwa lugha nyepesi tumwite mtafiti mwenzao, kwa sababu anapokwenda kuwahoji wagonjwa huenda akiwa mmoja wao.

Ugonjwa uliogeuka sifa ya kazi

Ili uelewe kazi hii ilivyoanza kupata heshima, tumtazame mwanamke mmoja wa Uingereza ambaye maisha yake yameandikwa hadharani, mengi kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake ni Diana Rose.

Alikuwa msomi wa taaluma za jamii, akifundisha chuoni. Katika miaka ya 1980 maradhi ya akili yalimkatizia kazi hiyo. Kwa takriban miaka kumi iliyofuata hakuwa mwalimu wala mtafiti, alikuwa mgonjwa. Aliishi kama wanavyoishi wagonjwa wengi wa akili: dawa, miadi ya kliniki, kulazwa na kuruhusiwa, na fedha kidogo za msaada. Msomi aliyezoea kusikilizwa darasani alijikuta mahali ambapo kila asemalo linachukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Hapo ndipo pana jambo la kutafakari, msomaji. Mtu akiwa na saratani na kusema dawa hii inanichoma tumbo, anasikilizwa. Mwenye maradhi ya akili akisema maneno yayo hayo, kuna uwezekano mkubwa faili yake ikaandikwa kwamba anakataa matibabu.

Katikati ya miaka ya 1990 Rose alipata mlango wa kurudia kazi. Shirika moja la London lililoshughulikia masuala ya afya ya akili, Sainsbury Centre, lilikuwa na mpango wa kuzikagua huduma za wagonjwa kwa njia mpya. Badala ya kuwatuma maafisa wenye karatasi zao, wagonjwa wenyewe ndio waliokaa wakatunga maswali, wakafundishwa namna ya kuhoji, kisha wakaenda wodini na majumbani kuzungumza na wenzao. Rose aliuongoza mpango huo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001.

Yaliyojitokeza hayakuwa makubwa ya kutisha. Yalikuwa madogo madogo ambayo hakuna afisa aliyefikiria kuyauliza. Wengi hawakujua kwamba hospitali ilikuwa na mpango ulioandikwa wa kuwahudumia, ilhali kwa kanuni za wakati huo walistahili kuujua na kushiriki kuutengeneza. Wengi hawakuwa wameelezwa madhara ya dawa walizokuwa wakimeza.

Mwaka huo huo wa 2001, katika Institute of Psychiatry ya chuo cha King's College London, kilianzishwa kitengo cha utafiti kilichoitwa SURE. Kiliongozwa kwa pamoja na Diana Rose na Til Wykes, profesa wa saikolojia. Watafiti wengi wa kitengo hicho walikuwa watu waliowahi kutumia huduma za afya ya akili. Mwaka 2003 Rose aliandika makala fupi katika jarida la British Medical Journal yenye kichwa cha kushangaza: kwamba kuwa na ugonjwa uliotambuliwa na daktari ni sifa inayohitajika kwa kazi hii.

Soma tena hapo. Hapa Nairobi, mtu aliyewahi kulazwa Mathari huzificha karatasi za hospitali chini ya godoro anapokwenda kutafuta kazi. Pengo la miezi sita katika maelezo ya kazi zake hulieleza kwa uongo. Kule kwenye kitengo hicho, pengo hilo ndilo lililoitwa ujuzi. Baadaye Rose alipanda hadi kuwa profesa wa utafiti unaoongozwa na watumiaji wa huduma, na hutajwa kuwa wa kwanza duniani kupewa cheo cha namna hiyo.

Swali moja, majibu mawili

Huenda sasa unajiuliza: kuna tofauti gani kati ya swali lililoulizwa na daktari na lile lile lililoulizwa na aliyekuwa mgonjwa? Jibu liko katika utafiti uliokipa kitengo hicho jina, na ulihusu matibabu ya umeme.

Matibabu haya, ambayo wengi wetu huyaita kupigwa shoti, hutumiwa hasa kwa wagonjwa waliozama sana katika sonona, ule unyong'onyevu mzito wa moyo usiokubali dawa. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza kwa sindano, kisha umeme kidogo hupitishwa kichwani. Kwa baadhi ya watu yameokoa maisha, na makala haya hayakuambii vinginevyo.

Ubishi ulihusu yale yanayobaki baadaye. Chama cha kitaaluma cha madaktari wa akili wa Uingereza kilikuwa kikiwaambia wagonjwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya waliotibiwa kwa umeme waliridhika, na kwamba upotevu wa kumbukumbu haukuwa jambo la maana kitabibu. Wakati huo huo vyama vya wagonjwa vilikuwa vimejaa watu waliolalamika kwamba sehemu za maisha yao zimefutika. Nani alikuwa akisema kweli?

Rose na wenzake walikusanya tafiti zote walizoweza kuzipata zilizokuwa zimewauliza wagonjwa maoni yao. Zilikuwa 35: tafiti 26 zilizofanywa na wataalamu wa tiba, na 9 zilizofanywa na wagonjwa wenyewe au kwa ushirikiano nao. Waliongeza simulizi 139 za watu waliopitia matibabu hayo. Matokeo yalichapishwa katika British Medical Journal mwaka 2003.

Waligundua nini? Kwamba jibu lilitegemea nani ameuliza, wapi na lini. Mgonjwa akiulizwa na daktari wake, akiwa bado hospitalini, muda mfupi baada ya matibabu, tena kwa maswali machache ya ndiyo na la, mara nyingi alisema ameridhika. Akiulizwa na mwenzake, muda ukiwa umepita, akiwa nyumbani na nafasi ya kueleza, alisema mengine. Katika tafiti zilizohesabu upotevu wa kumbukumbu wa muda mrefu, waliosema wamepatwa nao walikuwa kati ya asilimia 29 na 55. Kwa hesabu ya haraka, ni kuanzia takriban mmoja kati ya kila watatu hadi zaidi ya nusu.

Kwa nini basi vipimo vya kawaida havikuliona hilo? Kwa sababu vipimo vingi viliangalia kumbukumbu za namna nyingine. Mgonjwa alisomewa orodha ya maneno, akaambiwa ayarudie, akayarudia, ikaandikwa kwamba yuko sawa. Lakini alichokuwa akikililia si orodha ya maneno. Ni mambo ya maisha yake: siku mtoto alipozaliwa, safari waliyokwenda pamoja, mazishi ya mtu aliyempenda. Ni mtu aliyejua hasara hiyo ilivyo ambaye angefikiria kuiulizia.

Waandishi hao walisema wazi kwamba ile kauli ya asilimia 80 haikuwa na msingi. Mwaka huo huo taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, NICE, iliyokuwa na utafiti huo mezani, ilitoa mwongozo kwamba matibabu ya umeme yatumiwe kwa hali kali tu, baada ya njia nyingine kushindwa au maisha yakiwa hatarini, na mgonjwa aelezwe hatari zake, ikiwemo ya kumbukumbu.

Mwaka 2005 walitoa sehemu ya pili iliyohusu idhini. Takriban nusu tu ya wagonjwa walisema walielezwa vya kutosha kabla ya matibabu. Na takriban theluthi moja walisema hawakuona kama wamekubali kwa hiari yao, ingawa sahihi yao ilikuwa kwenye fomu.

"Lakini huyo si ana upendeleo?"

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mtafiti wa namna hii huulizwa, na ni swali la haki. Mtu aliyeumizwa na hospitali ataichunguzaje hospitali bila kinyongo?

Jibu la kwanza ni kwamba utafiti wake hupimwa kwa mizani ile ile ya utafiti wa mwingine yeyote. Kazi ya 2003 ilieleza jinsi tafiti zilivyotafutwa, zilivyochaguliwa na zilivyohesabiwa. Aliyeona kosa alikuwa na nafasi ya kulionyesha.

Jibu la pili linamgeukia muulizaji. Daktari aliyetoa matibabu, kisha akamuuliza mgonjwa wake kama yamemfaa, yeye hana upendeleo? Hapo kila mtu amesimama mahali fulani akitazama. Tofauti ni kwamba kwa muda mrefu upande mmoja tu ndio uliitwa sayansi, na upande wa pili ukaitwa malalamiko.

Wala haina maana kwamba daktari hatakiwi. Daktari anaijua dawa inavyofanya kazi mwilini. Mgonjwa anajua inavyoishi naye nyumbani. Ukimsikiliza mmoja tu umepata nusu ya habari.

Kwa nini hili ni suala la haki

Kwa sisi Wakenya, hoja hii haihitaji kwenda London ili tuielewe. Historia yetu inatosha.

Hospitali ya Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea tiba ya maradhi ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo aliifananisha akili ya Mwafrika mzima na ile ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha kijitabu chake kuhusu Mau Mau. Chanzo cha vita hivyo alikitafuta zaidi ndani ya akili ya Mkikuyu kuliko katika ardhi aliyonyang'anywa.

Tazama sasa. Huyu alikuwa mtu mwenye cheo, mwenye hospitali na mwenye wagonjwa wa kuwachunguza. Kitabu chake kilibeba jina la shirika kubwa la dunia. Lakini wale walioandikwa hawakuulizwa waseme maisha yao wanavyoyaona, wala hawakupewa nafasi ya kusoma na kukanusha. Utafiti juu ya watu bila watu wenyewe unaweza kuvaa koti jeupe la sayansi, kumbe ndani umebeba dhuluma.

Uingereza yenyewe haijamaliza deni hilo. Takwimu rasmi za England zimekuwa zikionyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba watu weusi huzuiliwa hospitalini chini ya sheria ya afya ya akili kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha wazungu. Ndiyo maana mwaka 2019 Rose na mtafiti mwenzake Jayasree Kalathil waliandika kwa ukali dhidi ya mtindo wa kumwalika mgonjwa mmoja kwenye kamati ili ionekane ameshirikishwa. Walisema kushirikiana ni neno tupu iwapo madaraka, fedha na rangi ya ngozi vinaendelea kuamua ni nani mwenye ujuzi. Walemavu kote duniani wana msemo wao kwa jambo hili: lolote lituhusulo lisifanywe bila sisi.

Hapa kwetu

Kenya haikukaa nyuma. Mwaka 2007 kilianzishwa chama cha watu waliopitia maradhi ya akili, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya. Vikundi vyake huwakutanisha watu wenye hali hiyo wakakaa pamoja, wakazungumza bila kuoneana haya na kusaidiana katika mambo ya kila siku: dawa, kazi, pesa, na ugomvi wa nyumbani. Mwaka 2018 chama hicho kilichapisha utafiti kuhusu namna vikundi hivyo vinavyowasaidia wanachama kufanya uamuzi wao wenyewe badala ya kuamuliwa. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, lile lile lililomchapisha Carothers mwaka 1953, liliviweka vikundi vya Nairobi katika kitabu chake cha mwongozo miongoni mwa mifano mizuri ya huduma inayoheshimu haki za binadamu. Safari hiyo ilichukua miaka 68.

Sheria nazo zimesogea. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyoeleza jinsi afya ya akili ilivyotelekezwa nchini. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho. Sasa inataja haki ya mgonjwa kutoa idhini ya matibabu, kushiriki katika kupanga matibabu yake, kutunziwa siri na kutonyimwa bima ya matibabu kwa sababu ya hali yake. Tarehe 9 Januari 2025, katika kesi ambayo tume hiyo na chama cha madaktari wa akili walikuwa miongoni mwa walalamishi, Mahakama Kuu ilisema kuwa kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, mtu aliyeokolewa akiwa mahututi aliweza kutolewa hospitalini akapelekwa kortini.

Lakini si kila kitu kimenyooka. Kifungu cha 83 cha Katiba hiyo hiyo hakimruhusu mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu kujiandikisha kuwa mpiga kura. Na karatasi ya sheria ni jambo moja, chumba cha kliniki ni jambo lingine. Haki ya kushiriki katika kupanga matibabu imeandikwa. Je, ndugu yako ameulizwa?

Hapo ndipo mtafiti mwenzao anahitajika. Sheria haijui kama inafuatwa mpaka mtu aende akaulize, tena aulize kwa namna ambayo anayejibu hataogopa kwamba jibu lake litamrudisha wodini.

Kazi yenye miiba

Usidhani ni kazi nyepesi. Ukikaa siku nzima ukisikiliza habari za watu waliofungwa kamba na jamaa zao, au waliofungiwa peke yao chumbani, na wewe ulipitia hayo hayo, jioni hurudi nyumbani mikono mitupu. Unarudi na mzigo. Mashirika yanayojali huhakikisha mtafiti ana mtu wa kuzungumza naye baada ya mahojiano, na kwamba akiugua tena kazi yake itamsubiri kama inavyomsubiri aliyevunjika mguu.

Kisha kuna malipo. Mara nyingi mwenye shahada hulipwa mshahara, na aliyetoa maisha yake kuwa ujuzi hupewa nauli na soda. Kuna pia hatari ya kugeuzwa pambo, yaani kuitwa siku ya picha na kusahauliwa siku ya uamuzi.

Na kuna ule uamuzi wa kujitangaza. Mtafiti wa malaria halazimiki kumwambia mtu kama amewahi kuugua malaria. Huyu akishasema, habari hiyo haimwachi tena. Itamfuata kanisani, kwa wakwe, kwa mwenye nyumba. Diana Rose mwenyewe hakuacha mada hiyo hata baada ya miaka mingi chuoni. Kitabu alichochapisha mwaka 2022 kinahoji ni ujuzi wa nani unaohesabiwa kuwa ujuzi.

Akija mtafiti kwako

Huenda siku moja wewe au mtu wa nyumbani kwako mkaombwa kushiriki katika utafiti wa afya ya akili. Kabla ya kukubali, yajue haya:

Kwanza, utafiti unaohusu binadamu nchini Kenya unatakiwa uwe umepitishwa na kamati ya maadili na kupata kibali cha tume ya sayansi, NACOSTI. Una haki ya kuomba kuonyeshwa. Asiye na karatasi hizo mwambie arudi akiwa nazo.

Pili, una ruhusa ya kukataa, na hata ukikubali unaweza kuacha katikati. Matibabu yako hayapaswi kubadilika kwa sababu hiyo. Anayekwambia utanyimwa dawa anakudanganya.

Tatu, uliza majibu yako yatawekwa wapi na ni nani atakayeyasoma. Uliza pia kama daktari wako ataambiwa ulilosema.

Nne, uliza kama kuna mtu aliyewahi kuugua miongoni mwa walioyatunga maswali. Kama hakuna, uliza kwa nini. Swali hilo ni dogo, lakini watafiti wakiulizwa mara kumi wataanza kulifikiria kabla ya kuja.

Na kama ni wewe uliyewahi kuugua na sasa umepata nafuu, usidhani yaliyokupata ni miaka iliyopotea bure. Yana thamani. Anza na kikundi cha kusaidiana kilicho karibu nawe. Huko watu hujifunza kusikiliza, na kusikiliza ndiyo nusu ya kazi ya mtafiti. Lakini usilazimishwe na mtu kusimulia habari zako kabla hujawa tayari.

Siku ya kliniki ijayo

Turudi kwenye lile benchi. Mwezi ujao utaamka tena alfajiri, mtapanda matatu, mtasubiri, na jina litaitwa. Daktari atainua macho akutazame wewe na kuuliza kama analala vizuri.

Usijibu upesi. Mgeukie ndugu yako. Kama amezoea kutoulizwa, huenda akanyamaza kidogo, au akaanza kwa jambo ambalo kwako halina maana. Mwache amalize. Ili msije mkasahau mkifika, mketi usiku wa kuamkia siku hiyo, achague mwenyewe mambo matatu anayotaka daktari ayajue, muyaandike nyuma ya kadi. Wewe unaweza kuongeza lako baadaye, akiwapo na akisikia.

Daktari ana haraka, ni kweli, na foleni ni ndefu. Lakini dakika mbili za aliyekilalia kitanda zaweza kubadilisha dozi, na dozi ikibadilika huenda mtu akaamka saa kumi na mbili badala ya saa sita, akaenda kazini.

Na usiseme hili halikuhusu kwa kuwa nyumbani kwako hakuna mgonjwa. Hujafa hujaumbika. Siku ikifika zamu yako kuketi kwenye kiti kile, utataka kuulizwa wewe.